Vipimo Sita vya Kipepeo

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Aliweka begi chini ya benchi, akafagia vipande vya ngozi, akafungua dirisha ili harufu ya gundi itoke, kisha akaketi mbele ya kompyuta. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu alikunywa chai kabla haijapoa na kujibu hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Nusu ya majibu yake yalikuwa sahihi.

Baba yake alikuwa fundi viatu, lakini si wa kuziba soli zilizotoboka. Alitengeneza viatu vya watu ambao miguu yao haikupata kiatu dukani. Mmoja mguu bapa, mwingine hana vidole, mwingine mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Hospitali ilimtumia watu hao na yeye akawapima. Mwenye mguu mfupi alisimamishwa wima, fundi akawa anasukuma vibao vyembamba chini ya unyayo, kimoja baada ya kingine, mpaka nyonga zote mbili zilingane. Kisha alipima unene wa vibao kwa rula ya chuma. Hapo ndipo alipojua soli ya kiatu iwe nene kiasi gani.

Kwa miaka mingi vipimo hivyo alivitunza kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Kipimo kipya kilipokuja, fundi alikata kile cha zamani kwa mstari mmoja mwembamba, akaandika kipya chini yake pamoja na tarehe. Hakufuta kamwe. Kurasa zilijaa mikwaruzo kama ukuta uliochezewa na watoto.

Chapuchapu hakulipenda daftari lile. Shuleni alikuwa amejifunza kutengeneza kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, ambamo kila kitu hukaa kwenye jedwali lenye mistari na visanduku. Likizo iliyopita alimtengenezea baba yake jedwali moja safi. Kila mteja alipata mstari mmoja: namba yake, jina, simu, na unene wa soli. Kutoka kwenye daftari alinakili kipimo cha mwisho tu. Kipimo kipya kilipokuja, aliandika juu ya kile cha zamani, nacho kikatoweka.

Baba yake aliangalia akauliza vile vya zamani vimekwenda wapi. Chapuchapu akamwambia havina kazi, maana mguu wa mwaka jana hauji kununua kiatu mwaka huu. Fundi alicheka. Jibu hilo lilimkera kidogo, lakini alinyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa amefanya kazi ya wiki tatu na yeye mwenyewe hakujua hata kuiwasha ile mashine. Hapo alikosea. Mtu mzima anayejua jambo akanyamaza ana sehemu yake ya lawama.

Daftari jeusi likawekwa kwenye rundo la karatasi za kukatia violezo vya nyayo. Karatasi hazitupwi katika karakana ile.

Jumatatu moja mlango ulifunguliwa akaingia Kipepeo. Alikuwa binti wa miaka sita, mguu wake wa kushoto mfupi, na tangu alipoanza kutembea alikuwa akipunga mikono miwili kama anayetaka kuruka. Nyuma yake alikuja bibi yake aliyemlea, amebeba mfuko na anahema.

Chapuchapu akainuka, akamwamkia bibi, akampa kiti. Bibi alieleza kwamba hospitali imepata daktari mpya wa mifupa, na Alhamisi atamwona mtoto. Daktari anataka kujua mguu ulipungukiwa na kiasi gani tangu mwanzo, kila mara ulipopimwa. Kama tofauti ni ileile miaka yote, mtoto ataendelea na kiatu tu. Kama inaongezeka, itabidi apasuliwe goti mapema. Hospitali yenyewe ilimpima mara moja, alipokuwa mdogo sana, na hata hiyo karatasi haionekani. Miaka yote mitatu kipimo kilikuwa cha fundi.

"Nimemwambia daktari asihofu," bibi alisema. "Fundi wangu anaandika kila kitu, na sasa ana mashine."

Fundi alikuwa ameinamia kiatu, misumari midogo mdomoni. Aliitikia kwa kichwa, akamwonyesha binti yake kwa kidole. Chapuchapu akafungua jedwali, akamtafuta Kipepeo. Unene wa soli: milimita ishirini na nane. Basi. Hapakuwa na kitu kingine.

Akili ilimwambia aseme. Mdomo ukasema, "Nitakuandalia karatasi, bibi. Uje Jumatano."

Siku ya pili, wakati wa mapumziko, alimweleza rafiki yake wa dawati moja, binti aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Walikaa kwenye ngazi za darasa. Redio alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa la nadra, kisha akasema dawa ipo tena ni rahisi. Aandike ishirini na nane mara sita, abadilishe tarehe tu. Daktari ataona tofauti ni ileile, mtoto hatapasuliwa, bibi atafurahi, na Chapuchapu atapona.

"Huo si uongo?" Chapuchapu aliuliza.

"Ni uongo wa kumsaidia mtoto. Au wewe unataka apasuliwe?"

Chapuchapu hakutaka apasuliwe. Hiyo ndiyo shida ya uongo wa namna hiyo. Unakuja umevaa nguo za huruma, na wewe unaufungulia mlango.

Jioni ile alijaza mistari mitano ya kubuni kwa dakika nne. Ilipendeza. Tarehe zilipangika, namba zilifanana, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Aliitoa kwenye mashine ya kuchapa, akaikunja, akaiweka kwenye droo. Usiku huo alikula nusu ya chakula chake, na baba yake akauliza kama meno yanamuuma.

Jumatano bibi alifika mapema kuliko alivyotarajiwa. Fundi alikuwa ametoka kununua gundi. Kipepeo aliketi sakafuni akavipanga vibao vya kupimia kama treni. Chapuchapu akafungua droo, akatoa karatasi.

Bibi aliipokea, akaitazama upande mmoja, akaigeuza, akaitazama upande wa pili ambao haukuwa na kitu.

"Mimi sijui kusoma, mjukuu wangu," alisema. "Nitambebea daktari kama ulivyonipa. Akisema tukate, tutakata. Akisema tuache, tutaacha. Mimi nakuamini wewe na baba yako."

Aliikunja taratibu, akaitia kwenye kitambaa chake, akafunga fundo.

Chapuchapu aliliangalia lile fundo. Ndipo baba yake alipoingia na kopo la gundi mkononi, naye akasema yote papo hapo, akiwa amesimama, kabla ujasiri haujamtoroka. Alisema vipimo vya zamani hakuvitunza. Alisema karatasi ile ameibuni. Hakumtaja Redio, kwa kuwa kidole kilichobonyeza kilikuwa chake.

Kilichosikika ni Kipepeo tu akifanya mlio wa treni.

Fundi aliweka kopo chini. Hakupaza sauti. Alimwomba bibi radhi, kwanza kwa niaba ya mtoto, kisha kwa niaba yake mwenyewe, kwa kuwa aliona daftari linakwenda kwenye rundo akanyamaza. Bibi alifungua fundo, akaitoa karatasi, akairudisha mezani. Alikuwa amenuna, na alikuwa na haki ya kununa.

"Sasa nitakwenda na nini kesho?" aliuliza.

Fundi alifikiri, akamuuliza vile viatu vya zamani vya mtoto alivipeleka wapi. Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Vipo kwenye sanduku chini ya kitanda. Nani atavaa kiatu cha mguu mmoja chenye soli kama tofali?

"Kavilete vyote," fundi alisema. "Na wewe Chapuchapu, panda kiti. Shusha violezo. Kurasa za daftari nilizikatia humo."

Violezo vya karatasi vilining'inia kwenye waya ukutani, karibu mia moja, vimekatwa kwa umbo la nyayo. Chapuchapu alivishusha kimoja kimoja, akavigeuza, akatafuta mwandiko wa baba yake. Saa nzima ilipita. Alipata nusu ya jina la mtu asiyemhusu, alipata simu zisizo na mwenyewe. Karibu na mwisho aligeuza kiolezo kikubwa kuliko vyote, cha kinyozi wa mtaa wa pili, na hapo katikati ya unyayo pakawa na jina la Kipepeo, limeandikwa kwa kushuka kando ya vipimo. Juu kisu kilikuwa kimepita, na chini vilevile. Lakini vipimo viwili vilibaki na tarehe zake, vimekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na vinasomeka vizuri kabisa: kumi na nne, na chini yake mbali kidogo, ishirini na nne. Vya katikati vilikuwa vimeangukia kwenye tundu la waya uliotundikia kiolezo, tundu lililotanuka kwa kuchanika.

"Kinyozi ana mguu kama jahazi," fundi alisema. "Angekuwa na mguu wa kawaida, leo tungelia."

Bibi alirudi na viatu vitatu; vingine havikuonekana. Fundi alibandua ngozi ya ndani ya kila kimoja. Chini yake palikuwa na tarehe kwa penseli, kama alivyoandika kwenye kila kiatu tangu alipoanza kazi. Soli alizipima katikati, si kisiginoni, maana kisigino huliwa na njia. Kiatu cha kwanza kilikuwa kidogo kuliko kiganja cha Chapuchapu, na soli yake milimita kumi na mbili. Cha pili kumi na saba. Cha tatu ishirini na moja.

Chapuchapu aliviandika kwa mkono, kwa kufuata tarehe. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na saba. Ishirini na moja. Ishirini na nne. Ishirini na nane. Pembeni ya kila kimoja aliandika kimepatikana wapi: kiatuni, kwenye kiolezo, au kwenye kompyuta. Alipomaliza aliitazama orodha akaelewa. Haikuwa ileile miaka yote. Ilikuwa inapanda ngazi.

Alhamisi fundi alifunga karakana, wakaenda hospitali wote wanne. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma orodha mara mbili. Aliuliza kwa nini kuna maelezo pembeni, na Chapuchapu akamweleza, pamoja na ile karatasi ya kubuni. Uso ulimwaka, lakini alimaliza.

Daktari alivua miwani. Alisema mguu unaachwa nyuma kwa milimita mbili mpaka nne kila nusu mwaka, na wakati huu mtoto akiwa bado anakua, kazi ni ndogo: kibati chembamba kwenye goti la mguu mrefu, ili uvute subira mwenzake aufikie. Wakichelewa, itakuwa kazi kubwa ya kukata mfupa.

"Ungeniletea ishirini na nane mara sita," alisema, "ningemwambia bibi arudi baada ya miaka miwili."

Alivaa tena miwani, akaanza kujaza fomu ya upasuaji.

Jumamosi shangazi alikuja nyumbani. Huyo alikuwa dada wa fundi, na kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta za hospitali nyingine. Fundi alikuwa amempigia simu. Alikunywa chai kwanza, akala mkate, ndipo akafungua jedwali la Chapuchapu. Alilisifu. Kisha akasema lina kosa moja tu, ila kosa hilo ni kama nyumba nzuri isiyo na msingi.

Alimwonyesha kwamba mambo ya mteja ni ya namna mbili. Kuna yasiyobadilika, kama siku aliyozaliwa. Kuna yanayobadilika, kama kipimo cha mguu. Ukiyaweka pamoja kwenye mstari mmoja, jipya litalila la zamani. Kwa hiyo wakatengeneza majedwali mawili. La kwanza wakaliita Wateja, kila mtu mstari mmoja na namba yake. La pili wakaliita Vipimo. Humo mtu mmoja angeweza kuwa na mistari sita, au sitini, yote ikibeba namba yake ili ijulikane ni yake. Na kila mstari ulikuwa na visanduku viwili vya tarehe: Kuanzia na Mpaka.

"Kipimo kipya kikija, unafanya nini na cha zamani?" shangazi aliuliza.

"Nakifuta," Chapuchapu alisema, kisha akajishika mdomo.

"Usifute. Funga. Jaza tarehe ya leo kwenye Mpaka, basi, kimefungwa. Halafu ongeza mstari mpya, Mpaka uuache wazi. Ukitaka kipimo cha leo, tafuta ulio wazi. Ukitaka cha miaka miwili iliyopita, tafuta mstari ambao siku hiyo inaangukia kati ya tarehe zake mbili."

Chapuchapu alijaribu na mistari ya Kipepeo. Mitano ilifungwa, wa sita ukabaki wazi. Akauliza kompyuta mguu ulikuwaje siku mtoto alipotimiza miaka minne, nayo ikajibu kabla hajaondoa kidole: kumi na saba. Alicheka kwa furaha. Lilikuwa lile daftari jeusi la baba yake, mistari ya kukata na vyote, ila safari hii lilijibu maswali.

Shangazi akamtega tena. Je, akikosea kuandika, akaweka kumi na nane badala ya themanini na moja? Chapuchapu alisema kosa, hilo kweli atalifuta, maana halikuwa kipimo cha mtu. Shangazi akatikisa kichwa. Tuseme fundi ameshakata kiatu kwa ile namba ya makosa, na mteja anarudi analalamika. Wakiangalia kompyuta na kukuta namba sahihi tu, watajuaje kiatu kiliharibikia wapi? Kosa nalo linafungwa, na pembeni kwenye kisanduku cha Maelezo unaandika: hili lilikuwa kosa, limegunduliwa tarehe fulani.

"Na ile mistari mitano niliyobuni?" Chapuchapu aliuliza kwa sauti ndogo.

Shangazi alimtazama kaka yake. Fundi alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Nayo usiifute," fundi alisema. "Ifunge. Uandike ukweli wake."

Chapuchapu akaandika.

Kipepeo aliwekewa kibati chake wakati wa likizo. Alilia siku mbili, akacheka siku ya tatu, na siku ya kumi bibi yake alikuwa akimkimbiza uani ili amlazimishe kupumzika. Redio alimpelekea picha aliyochora mwenyewe, ya kipepeo aliyevaa viatu.

Mwaka ulipita. Siku moja baada ya masomo mlango ukafunguliwa, mikono miwili ikapunga, na Kipepeo akasimama kwenye ubao wa kupimia bila kuambiwa. Fundi alianza kusukuma vibao. Alisukuma, akasimama, akatoa kimoja, akatazama nyonga, akatoa kingine. Akapima kwa rula ya chuma, akapima tena.

"Ishirini na tano," alisema.

Kipepeo akalalamika kwamba amepungua. Bibi yake akamwambia apungue tu, apungue mpaka aishe. Chapuchapu alifunga mstari wa ishirini na nane, akaongeza mpya chini yake, Mpaka akauacha wazi. Kisha bibi akamwomba amsomee yote, tangu mwanzo, ili masikio yake yasikie. Chapuchapu akasoma polepole, kumi na mbili mpaka ishirini na nane, kisha ishirini na tano. Bibi alifuata kwa vidole, na alipofika mwisho akapiga makofi mara moja.

Chini kabisa ya jedwali ilikuwepo mistari mingine mitano, yote imefungwa. Fundi, ambaye sasa alijua kuiwasha mashine, alisogea akasoma maelezo yake kimoyomoyo, midomo ikicheza: Hivi si vipimo. Nilivibuni mimi. Nilisema siku iliyofuata.

"Unataka niitoe, baba?" Chapuchapu aliuliza. "Watu wataiona."

"Waione," fundi alisema. "Kila mtu hukosea, mwanangu, hata mimi nilikosea siku ile nilipoona nikanyamaza. Anayefuta kosa lake atalirudia, kwa sababu hana pa kulitazama. Wewe unalo lako hapo, na chini yake umeandika kwamba ulisema. Namba zile za uongo haziwezi kunifanya nikuamini. Lile neno la chini ndilo linanifanya nikuamini."

Akarudi kwenye benchi, akatia misumari mdomoni, akaanza kukata soli mpya ya Kipepeo, nyembamba kuliko ile ya mwaka jana.